Kibati kiko wapi? Uzoefu wangu wa kununua vifaa vya karakana vya mtumba Dodoma

Jiliwa langu la useremala, kile chombo cha kubania mbao mezani, nililinunua shilingi 70,000. Nililikuta chini ya turubai pembeni ya soko la Sabasaba, limebanwa kati ya pampu ya maji iliyokufa na rundo la spana, limejaa kutu na saruji kavu. Nilipolikwangua kwa ncha ya ufunguo ikatokea rangi ya buluu, kisha herufi zilizomiminwa pamoja na chuma chenyewe: jina la kampuni, Record, na mji wa Sheffield, Uingereza. Muuzaji alikuwa analipima kwa kilo kama chuma chakavu. Nililipa bila kubishana sana, nikalipakia kwenye bodaboda, na moyo ulikuwa unanidunda njia nzima hadi Nkuhungu.

Naandika haya kwa ajili ya seremala au fundi wa vyuma anayefungua karakana hapa Dodoma na mtaji wake hautoshi kuingia dukani akatoka na kila kitu kipya. Mimi nilikuwa hivyo mwaka 2022. Kazi hazikuwa tatizo. Tangu serikali ihamie huku na Dodoma ikatangazwa jiji mwaka 2018, nyumba zinaota kila upande, Iyumbu, Mtumba, Ihumwa, na kila nyumba inadai milango, fremu na makabati. Vifaa ndivyo sikuwa navyo. Nilikuwa na msumeno, nyundo, patasi mbili na randa ya kuazima ambayo mwenyewe alikuwa anaifuata kila Ijumaa jioni.

Nianze na hasara, kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kununua. Mwezi wa pili tangu nifungue, kijana mmoja aliniletea grenda kubwa ya njano, mzigo wa mtumba kutoka Uingereza. Nzito, imara, jina la kampuni inayoheshimika, waya mnene, plagi ya kawaida ya miguu mitatu. Alitaka 90,000, tukamalizana kwa 75,000. Nikaichomeka ukutani, nikabonyeza swichi. Ilinguruma kwa nguvu ambayo sijawahi kuisikia kwenye grenda, kasi ikapanda kupita kiasi, halafu ikatoa cheche, moshi na harufu ya vanishi iliyoungua. Haikuchukua hata sekunde tano.

Niliipeleka Majengo kwa babu mmoja anayesuka mota. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa, babu," akaitikia, akaigeuza ile grenda mara moja mikononi na kuniuliza, "Mwanangu, kibati chake kiko wapi?"

Kibati, yaani kile kipande kidogo chenye maelezo ya umeme wa mashine, kilikuwepo, pembeni kabisa, kimeandikwa volti 110. Umeme wetu wa TANESCO wa nyumbani ni volti 230. Babu akanieleza jambo ambalo ningelijua ningebaki na 75,000 yangu. Kwenye maeneo ya ujenzi Uingereza mashine nyingi za mkononi hutumia volti 110 kwa ajili ya usalama: umeme hupitishwa kwanza kwenye transfoma ya njano, na mtu akiguswa na waya mmoja anapata volti 55 tu kwenda ardhini. Plagi zao za huko ni za njano na za mviringo, haziingii kwenye soketi zetu. Kwa hiyo mtu huku anaikata plagi ile na kufunga ya kwetu, na hapo ndipo alama ya hatari inapotoweka. Mashine za Japani nazo ni volti 100, za Marekani 120. Zote hizo zinaletwa, zote zinauzwa kwenye turubai moja, na kwa macho huwezi kuzitofautisha na ya 230.

Tangu siku hiyo sinunui kifaa cha umeme kabla sijasoma kibati. Kama kimekwanguliwa, kimebandikwa karatasi juu yake, au kimefutika, naacha hata kama bei ni ya kutupa. Natazama pia kama plagi ilishabadilishwa. Plagi mpya kwenye waya wa zamani si kosa, lakini inanifanya niulize maswali zaidi.

Sasa niseme mahali ninapopata vitu. Sabasaba na Majengo nazunguka mara mbili kwa wiki, asubuhi mapema, kwa sababu vifaa vizuri huchukuliwa na mafundi wenzangu kabla ya saa tatu. Mnada wa Msalato wa Jumamosi watu wanaujua kwa mifugo na nyama choma, na mimi mwenyewe siendi kule kutafuta mashine, lakini nimewahi kupata shoka, mundu na tupa kwa bei ya maji ya kunywa. Gerezani, Dar es Salaam, ndiko kwenye wingi wa kweli. Zamani safari ya Dar ilikula siku mbili. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024 naondoka asubuhi, nachagua mchana, narudi usiku, na mzigo mzito nautuma kwa basi hadi stendi ya Nanenane. Ukienda kununua kitu kimoja tu nauli itakula faida yote. Mimi naenda nikiwa na orodha ya mafundi wanne au watano na tunachangiana.

Minada ya serikali nimehudhuria mara mbili. Kwa jiji lenye ofisi nyingi kama hili, matangazo hayakosekani. Masharti ni yale yale: kitu kinauzwa kama kilivyo na mahali kilipo, hakuna kujaribu, hakuna kurudisha. Mara ya kwanza nilipata meza mbili za chuma ambazo ndizo benchi zangu hadi leo. Mara ya pili nilitamani sana mashine kubwa ya kuranda mbao, nikajizuia baada ya kusoma kibati: ilikuwa ya umeme wa njia tatu na karakana yangu ina njia moja. Aliyeinunua alifurahi sana siku ile. Sijui kama alikuwa amepiga hesabu ya kuvuta umeme.

Lakini hazina kubwa haiko sokoni. Iko kwenye masanduku ya mafundi waliostaafu au waliotangulia mbele ya haki. Mwaka jana mama mmoja anayeishi Kikuyu, hapa hapa Dodoma, alimwambia jirani yangu kwamba ana sanduku la marehemu mumewe linachukua nafasi stoo. Nilikwenda. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu." Alitaka 60,000 kwa sanduku zima. Nilipolifungua nilikaa kimya kidogo. Kulikuwa na randa mbili za Stanley, namba 4 na namba 5, patasi sita zilizonolewa na kufungwa kwenye kitambaa chenye mafuta, keekee ya mkono, misumeno miwili na timazi ya shaba. Mtu yule alikuwa fundi kweli, alivitunza kama mtu anavyotunza watoto.

Nilimwambia mama kwamba randa moja tu kati ya zile inazidi bei aliyoitaja. Nikampa 180,000, nusu siku ile na nusu mwisho wa mwezi, tukaandikiana. Nalisema hili kwa sababu wapo wenzetu wanaosifiana kwa kumlalia mjane. Bei ya chini sokoni kwa mtu anayejua anachouza ni halali ya biashara. Kumnyamazia mama asiyejua thamani ya jasho la mumewe, mimi siwezi kuita hiyo biashara.

Zile randa ndizo vifaa ninavyovipenda kuliko vyote karakanani. Uzuri wa Stanley za mtindo huu ni kwamba bapa (kisu cha randa) la namba 4 na la namba 5 ni upana mmoja, inchi 2, kwa hiyo ukipoteza au kuvunja moja unahamisha la nyingine kazi inaendelea. Mwili ni chuma kizito kinachotulia juu ya mbao. Nikipiga mninga uliokauka vizuri, unyoya wa mbao unatoka mrefu na mwembamba kiasi cha kuona mwanga upande wa pili. Randa mpya ya bei rahisi niliyowahi kununua dukani ilikuwa inaruka na kuchimba, na bapa lake lilikuwa halimalizi mlango mmoja bila kunolewa.

Kutu isikutishe. Hapa kwetu hewa ni kavu karibu miezi saba ya mwaka, kwa hiyo chuma kilichokaa stoo Dodoma mara nyingi kina kutu ya juujuu tu. Kilichokaa Tanga au Dar karibu na bahari huwa kimeliwa mpaka ndani. Kikwangue uone kama kuna vishimo. Njia yangu ni rahisi: nafungua kifaa chote, naloweka vipande vya chuma kwenye siki usiku kucha, asubuhi nasugua kwa brashi ya waya, nasuuza kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua ukali wa siki, nakausha juani papo hapo na kupaka mafuta. Jiliwa lile la buluu lilichukua siku tatu na chupa tano za siki. Skrubu yake kuu ilikuwa nzima, meno hayajalika. Hicho ndicho cha kukagua kwenye jiliwa lolote: zungusha mpaka mwisho, rudisha, tikisa. Kutu inatoka. Ufa hautoki, na chuma cha kumimina ni kigumu sana kuchomelea kikashika kama zamani, kwa hiyo ukiona ufa ondoka.

Kwa vifaa vya umeme, mbali na kibati, nina utaratibu wangu. Nanusa kwanza matundu ya hewa. Mota iliyoungua ina harufu ambayo haipotei. Nashika ekseli na kuitikisa. Ikicheza, beringi zimekwisha, na hilo si baya kama bei imeshuka, maana beringi zinapatikana. Halafu naomba umeme. Muuzaji anayekataa kuchomeka, hatuna mazungumzo. Ikiwaka natazama ndani kwenye kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka: cheche ndogo za buluu ni za kawaida, lakini moto unaozunguka duara lote unaonyesha kwamba amecha, yaani hiyo sehemu inayozunguka, ina hitilafu, na amecha mara nyingi inakaribia bei ya mashine. Kaboni zenyewe ni shilingi elfu chache tu, usiache mashine nzuri kwa sababu yake.

Drili za betri za mtumba siziwezi. Nimejaribu mbili, zote betri zilikuwa zimechoka, na betri mpya ya aina ile ama haipo Dodoma ama inauzwa bei ya drili. Mashine za kuchomelea ninazozikubali ni zile nzito za zamani zilizosukwa kwa waya wa shaba. Kwaruza kidogo pale waya unapofungwa, ukiona weupe wa alumini punguza bei au achana nayo.

Na suala la wizi lazima nilitaje. Karakana huvunjwa, na kifaa cha fundi mwenzako kinaweza kukufikia asubuhi inayofuata kikiwa bado kina vumbi lake. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Mtu nisiyemfahamu akiniletea kitu, namwomba tuandikiane, aoneshe kitambulisho, na kwa kitu kikubwa twende kwa mwenyekiti wa mtaa agonge mhuri. Mwenye mali yake hana tatizo na hilo. Wawili waliwahi kuniambia wanakwenda kuchukua kitambulisho nyumbani, na hawajarudi mpaka leo.

Nirudi kwenye grenda ya njano. Babu wa Majengo hakuweza kuiokoa, amecha na koili zote zilikuwa zimeungua, lakini aliniuliza swali la pili: kwa nini nisitafute ile transfoma yao? Ilinichukua miezi minne. Niliipata Gerezani, sanduku la njano lenye mpini, uwezo wake kVA 3.3, inachukua 230 na kutoa 110, kwa shilingi 110,000. Babu aliipima, akabadilisha waya mmoja, akanionya nisiiendeshe kwa mzigo mkubwa muda mrefu bila kuipumzisha.

Sasa mashine za volti 110, zile ambazo wengine wameshajua kuziogopa, mimi nazinunua. Nina msumeno wa duara uliotoka kwa 45,000, drili ya zege kwa 50,000 na grenda nyingine, pacha wa ile iliyoungua, kwa 30,000. Zote nimezifunga plagi za njano za mviringo ili mtu yeyote karakanani, hata kijana aliyeanza jana, asiweze kuzichomeka ukutani kwa bahati mbaya. Wiki hii tunamaliza milango kumi na moja ya mninga ya nyumba moja Iyumbu. Natafuta klampu ndefu za chuma, za futi nne kwenda juu, jozi mbili. Siki ninayo.