Chaja tatu kwa kompyuta moja: uzoefu wangu hapa Lubumbashi

Mwezi wa pili chaja ya kompyuta yangu ilikufa. Waya ulikatika shingoni, pale unapotoka kwenye boksi, baada ya miaka mitatu ya kukunjwa na kukunjuliwa kila siku. Nina kibanda cha kuchapa kazi njia ya kwenda Kasapa, wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu cha hapa, wananiletea TFC na memoari zao, yaani kazi za kumalizia masomo, na chaja ikifa kibanda kimefungwa. Tangu siku ile nimenunua chaja tatu kwa mashine moja. Naandika kwa ajili ya yule ambaye kesho ataingia soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, na haraka kama niliyokuwa nayo mimi.

Mashine ni Dell Latitude iliyokwisha kutumika. Chaja yake ya asili iliandikwa mgongoni: volti 19.5, ampea 3.34, wati 65. Kichwa chake ni cha duara, milimita 7.4, na ndani katikati kuna kasindano kembamba. Wakati ule sikuwa nimewahi kusoma maandishi hayo hata mara moja. Nilibeba kichwa cha zamani mfukoni, nikamwonyesha muuzaji, nikasema nataka kinachoingia.

Ya kwanza ilikuwa chaja ya "mashine zote", yenye vichwa vinane vya kubadilisha na kitufe cha kuchagua volti kutoka 12 hadi 24. Dola 10. Kichwa kiliingia, taa ikawaka, nikafurahi. Kisha kompyuta ikaandika kwamba haitambui aina ya chaja. Betri ilikaa kwenye asilimia 34 asubuhi hadi jioni bila kupanda, na mashine ikawa nzito: kufungua kazi ya kurasa 60 ilikuwa kungoja. Jambo lililoniogopesha zaidi ni kile kitufe. Siku moja mtoto wa dada yangu alikuwa anacheza chini ya meza, nilipoinama nikakuta kimesogea hadi 24. Kwa bahati chaja haikuwa imechomekwa. Nyumba yenye watoto isiingize chaja ya namna hiyo.

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa Kamalondo kuuliza kwa nini betri haijai. Aligeuza kile kichwa kwenye mwanga, akasema, "Mama, kuingia kinaingia, lakini kale kasindano ka katikati iko wapi?" Hapo ndipo nilipoelewa. Kwenye chaja za Dell za aina hii kasindano hakabebi umeme wa kuendesha mashine. Kanabeba habari: ndani ya chaja kuna chipu ndogo inayoiambia kompyuta, mimi ni ya wati 65, au 90. Kompyuta isipopata jibu, inajilinda kwa kukataa kuchaji betri na kupunguza mwendo wake. HP nao wana pini ya katikati. Ndiyo sababu vichwa viwili vinaweza kufanana machoni na kimoja kikakataliwa.

Ya pili niliinunua mpya, kwenye kartoni, na kasindano kake. Dola 15. Iliandikwa wati 90, lakini mkononi ilikuwa nyepesi kama kiberiti, na hilo lingetosha kunionya. Waya wake wa ukutani ulikuwa na meno matatu mapana, yale ya bidhaa zinazopitia Kasumbalesa kutoka Zambia. Prizi zetu zina matundu mawili ya duara, kwa hiyo muuzaji aliniongezea adapta ndogo ya kubadilisha meno. Tangu siku ya kwanza, nikigusa kifuniko cha chuma nilihisi kitu kinanitekenya vidoleni. Adapta ile ilikuwa na meno mawili tu: waya wa ardhi, ule wa kupeleka chini umeme unaovuja, ulikuwa unaishia hewani. Wiki ya tatu kuran, yaani umeme, ilikatika, ikarudi usiku kwa nguvu, na asubuhi kibanda kizima kilinuka plastiki iliyoungua. Chaja ilikuwa imeungua, kompyuta ilipona. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Adapta ya meno inabadilisha umbo la meno na basi. Haigusi volti. Somo hili lilinigharimu tena nyumbani, kwa njia nyingine. Shemeji yangu alirudi kutoka Marekani na vitu viwili kwenye sanduku moja: kompyuta ndogo na blenda. Kompyuta tuliichomeka kwa adapta ya meno, ikafanya kazi vizuri hadi leo. Blenda tuliichomeka kwa adapta ileile, ikalia kwa sauti ya kutisha, ikatoa moshi kabla nyanya hazijasagika. Chaja ya kompyuta iliandikwa 100 hadi 240. Inakubali umeme wa huko na wa huku. Blenda iliandikwa 120 peke yake, na sisi tuko kwenye 220. Ilihitaji transfoma ya kushusha volti, tena yenye wati nyingi kuliko blenda yenyewe. Vitu vya mota na vya kupasha joto, kama pasi na mashine za nywele, ndivyo vya kuchunguza sana.

Ya tatu nilirudi kuichukua kwa yule fundi. Ni ya asili, imetumika, dola 20, volti 19.5 na ampea 4.62, yaani wati 90. Niliogopa: yangu ilikuwa ya 65, hii haitaiunguza? Alinieleza kwa mfano wa makala, yaani mkaa. Ukikodi lori kubwa kubeba magunia 20, lori halikuongezei gunia la 21. Ampea ni uwezo wa chaja, na mashine inachukua inachohitaji. Ampea zikizidi hakuna shida. Zikipungua, chaja inaweza kuchemka na kufa. Volti ndizo zisizoongezwa wala kupunguzwa kwa kukisia. Jirani yangu alichomeka chaja ya volti 19 kwenye kifaa cha intaneti cha volti 12 kwa sababu kichwa kiliingia, na kifaa hakijawaka tena. Kwenye vifaa vidogo hivyo tazama pia mchoro wa kiduara wenye alama za kujumlisha na kutoa: unaonyesha chanya iko ndani au nje, na si chaja zote zinafanana.

Fundi alipima kwa multimetri mbele yangu, ikasoma 19.6. Muuzaji anayekataa kupima, mimi simpi pesa tena.

Wanafunzi wenye mashine mpya za USB-C wana nafuu, kwa maana chaja na mashine zinaongea kwanza kabla volti hazijapanda hadi 20. Lakini mmoja alilalamika kwamba mashine yake inajaa polepole mno, kumbe alileta chaja ya simu ya wati 18. Na waya pia una kikomo: wa kawaida unaishia wati 60.

Niliacha kununua stabilizatere, kile kifaa cha kutuliza volti, kwa ajili ya kompyuta. Jioni volti zinaposhuka hadi 160, friji inateseka, ila chaja ya 100 hadi 240 inaendelea bila kujali. Hatari yake ni kuran inaporudi. Ikikatika nachomoa, ikirudi nangoja taa itulie dakika tano hivi, ndipo nachomeka.

Chaja hii ya tatu ina miezi minne sasa. Betri inajaa, ule ujumbe haujarudi, na boksi lina joto la kushikika kwa mkono hata nikichapa siku nzima. Waya wa ukutani nilibadilisha, nikachukua wenye tundu la ardhi, na hakuna kinachonitekenya tena. Nimemwomba fundi aniwekee nyingine kama hii, ya akiba, kabla ya msimu wa TFC.