Uzoefu wangu: wiki tatu za kumzoesha binti yangu chekechea

Januari mwaka huu nilimwanzisha binti yangu wa miaka 3 na nusu kwenye kituo cha kulelea watoto huku kwetu Tabata, Dar es Salaam. Nilipokuwa natafuta kituo, kila mtu alinieleza habari za ada, sare na gari la shule. Hakuna aliyenieleza mtoto anapokelewaje siku ya kwanza, na hilo ndilo lililokuwa linanikosesha usingizi. Jina la kituo silitaji. Nataka mzazi mwenzangu ajue cha kuuliza.

Lazima nianze na kaka yake. Miaka minne iliyopita tulimpeleka shule nyingine, ya mchepuo wa Kiingereza, yenye kuta za rangi na bembea mpya. Asubuhi ile mwalimu alimpokea getini akaniambia, "Mama, ondoka haraka asikuone, atanyamaza." Nikaondoka nikinyata. Kilio chake nilikisikia mpaka kwenye kijiwe cha bajaji. Kwa zaidi ya miezi miwili yule mtoto hakukubali nitoke hata kwenda dukani. Nikiingia bafuni, anakaa mlangoni kunisubiri. Tena alikuwa anarudi na bukta imelowa. Tulimgombeza, tukidhani ni utundu. Siku moja nikamsikia akimfundisha mdoli: "Sema kwa Kiingereza ndiyo uende chooni." Alikuwa haijui ile sentensi ya kuombea ruhusa, na akiomba kwa Kiswahili hasikilizwi. Mtoto wa miaka 3 anabana mkojo tangu saa 2 asubuhi! Nilimwomba msamaha, na bado linaniuma.

Kwa hiyo zamu ya binti ilipofika nilizunguka vituo vitano nikiwa na maswali yangu matatu. Nitaruhusiwa kukaa naye siku za mwanzo? Akilia mnafanya nini? Akibanwa na haja, anasema kwa lugha gani? Vituo vitatu walilishangaa swali la kwanza. Kimoja waliniambia mzazi akiingia darasani mtoto anadeka. Hapa nilipochagua, mwalimu mkuu hakusita: siku tatu unakaa naye, ya nne tunaanza kukuaga. Halafu akaanza yeye kuniuliza. Nyumbani mnamwitaje? Analala na nani? Akiogopa anashika nini? Uji anaunywa wa moto au wa vuguvugu? Yote akayaandika kwenye daftari. Niliomba pia kuiona leseni, maana vituo vya kulelea watoto mchana vinatakiwa kusajiliwa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na kwenye halmashauri wanaovifuatilia ni maofisa ustawi wa jamii. Ilikuwa imebandikwa ukutani. Lakini kusema kweli, lililonifanya niamue ni lile daftari.

Siku ya kwanza tulikaa saa moja na nusu tu. Ticha alinionyesha kiti pembeni akanielekeza nisimsukume mtoto kwenda kwa wenzake, na nisihamehame. Nikae pale pale ili akigeuka anikute. Binti hakushuka mapajani. Siku ya pili watoto walikuwa chini wanahesabu vizibo vya soda, naye akashuka. Anapiga hatua tano, anarudi kunigusa goti, anakwenda tena. Ya tatu alikaa na vizibo vyake karibu nusu saa bila kunitazama, nami machozi yakanilengalenga kwa furaha.

Mdogo wangu anaishi Berlin, na nilipomsimulia akaniambia kuwa huko chekechea nyingi zinafuata utaratibu unaofanana na huu: siku tatu za kwanza mzazi yumo ndani na mtoto haachwi kabisa, siku ya nne ndiyo wanajaribu kuwatenganisha kwa muda usiozidi nusu saa, na mlezi akishindwa kumtuliza mtoto, mzazi anaitwa arudi baada ya dakika chache tu. Yeye na mwanawe walichukua karibu mwezi. Mimi nilikuwa na siku saba za likizo, nikazitumia zote. Najua wengi hawana hata hizo. Mama mmoja anayeuza mboga sokoni alimleta bibi yake mtoto akae badala yake, na kituo kikampokea bibi kwa heshima zote na kumwekea kiti chenye mgongo. Hilo nalipenda mno.

Siku ya nne ndiyo nataka kuieleza vizuri. Kabla hatujaingia ticha alinivuta pembeni. "Leo utamuaga. Mwambie ukweli, dada yangu. Usimwambie unakwenda dukani wakati unakwenda kazini." Nikachutama usawa wa macho yake nikamwambia, "Mama anatoka. Ukimaliza kunywa uji, mama anarudi." Saa hazijui, lakini uji anaujua. Akalia, na si kidogo. Aling'ang'ania sketi yangu mpaka ticha akamfungua vidole kimoja kimoja, taratibu. Nilitoka mlangoni ananiona. Nyuma yangu nilimsikia ticha akisema, "Unamtaka mama. Ndiyo, unamtaka. Tunywe uji, mama aje." Hakumwambia nyamaza. Hakumwambia wewe mkubwa sasa, wala hakumtishia kwamba nitamwacha. Nilikaa chini ya mwembe nje ya ukuta, na kelele zile zilikoma kabla dada wa jikoni hajapita na sufuria. Bakuli likiwa bado mkononi mwa binti, nikaingia. Alinitazama akasema, "Umekuja." Basi.

Kuanzia hapo tukawa tunaisogeza ahadi. Kwanza uji, kisha kuchora, kisha chakula cha mchana, mwisho kulala na kuamka. Kila kipimo kilikuwa kitu anachokijua, na kila mara nilitokea pale niliposema. Isipokuwa siku moja. Barabara ya Mandela ilifunga, nikachelewa dakika 25, nikamkuta amekaa karibu na geti amekumbatia mkoba. Kesho yake alilia upya kana kwamba hatujaanza. Tangu siku hiyo, asubuhi ambayo sina uhakika namwambia, "Leo atakuja baba," au, "Leo shangazi," na huyo niliyemtaja ndiye anayekuja.

Ticha aliomba pia mtoto aje na kitu cha nyumbani chenye harufu ya nyumbani. Nilichukua doti ya khanga nikaikata: upande mmoja nikautia kwenye mkoba wake, upande mwingine ukabaki kwangu. Ule wa kwake niliulalia usiku mmoja kwanza. Saa ya kulala mchana anajifunika huo, na jioni nikirudi ananikuta nimejifunga mwenzake, tunaviweka vipande pamoja maua yakutane. Wiki mbili za mwanzo sikuufua, na ticha mwenyewe ndiye aliyenishauri nisiufue.

Wiki ya pili, Jumatatu, alirudi kulia. Mwisho wa wiki humfanya mtoto aanze upya. Wiki ya tatu alipata mafua, akakaa nyumbani siku tatu, na siku aliyorudi niliruhusiwa kukaa naye dakika 20 bila maneno mengi.

Sasa upungufu. Lugha haikuwa tatizo hapa, watoto wanapokelewa kwa Kiswahili na Kiingereza kinakuja kwa nyimbo. Tatizo lilikuwa choo chenyewe. Ni cha kuchuchumaa, tundu kubwa, na ndani kuna giza. Binti amezoea cha kukaa. Siku ya sita dada msaidizi aliniambia wakati wa kumchukua kwamba tangu asubuhi hajakojoa. Moyo ulinishuka, nikamwona kaka yake palepale. Tofauti ni kwamba safari hii niliambiwa siku ileile, na mtu mzima. Nyumbani tukafanya mazoezi ya kuchuchumaa juu ya matofali mawili, na kituoni wakawa wanampeleka pamoja na rafiki yake, mlango wazi, mlezi amesimama pale. Ilichukua siku nne. Bado nasema wazi: mahali panapopokea watoto wa miaka 3 pawe na choo cha kimo chao na taa.

Jambo la pili ni kundi la WhatsApp. Siku ya tano iliwekwa video ya watoto wakilia getini, wangu akiwemo, eti wazazi tuone maendeleo. Nilimpigia mwalimu mkuu, ikafutwa ndani ya saa moja, na sasa wanaomba ruhusa kwanza. Jambo la tatu, darasa lina watoto 24, walimu wawili na dada msaidizi mmoja. Asubuhi inatosha. Mchana, wengine wanalala na wengine hawataki, wale watu watatu wanachoka, na inaonekana. Hapo pangeongezwa mtu mmoja.

Ada nalipa shilingi 420,000 kwa muhula, uji na chakula cha mchana vikiwemo, kwa awamu mbili. Kuna vituo vya bei nafuu zaidi mtaani kwetu na kuna vya ghali mara tatu, na katika vile vya ghali nilivyotembelea hakuna kilichokubali niingie darasani hata siku moja.

Muhula wa pili nimeshalipa awamu ya kwanza. Mwezi uliopita niliwasilisha suala la choo kwenye kikao cha wazazi, na wiki hii nimeona fundi ameshusha mchanga na mabakuli mawili madogo ya choo uani. Taa bado.