Kurejesha mipangilio ya OPNsense kwenye mashine mpya: uzoefu wangu

Kwa miaka mitatu mtandao wangu umelindwa na OPNsense, programu huria ya ukuta wa moto (firewall, mlinzi anayechuja yanayoingia na kutoka kwenye mtandao) inayotumia mfumo endeshi wa FreeBSD, ambayo ilichipuka kutoka pfSense, programu nyingine ya aina hiyo hiyo, na kutolewa kwa mara ya kwanza Januari 2015. Mashine iliyokuwa ikiiendesha ilipoanza kujizima kila ilipopata joto, niliamua kununua nyingine kabla ile haijafa kabisa, na hapo ndipo nilipolazimika kufanya jaribio nililokuwa nikiliahirisha siku zote: kuona kama nakala ya mipangilio niliyokuwa nikiihifadhi kwa bidii inarejesheka kweli. Ilirejesheka, lakini si kwa jaribio la kwanza.

Usakinishaji wenyewe hauna mengi ya kusimulia. Nilipakua faili la usakinishaji, nikalinganisha alama yake ya SHA-256, yaani ule mfuatano wa herufi na tarakimu 64, na ile iliyotolewa na waandaaji, kisha nikaliandika kwenye flashi. Anayeona kulinganisha huko ni usumbufu akumbuke kwamba programu hii ndiyo itakayokaa mlangoni mwa mtandao wake. Mashine ikiwashwa kwa flashi hiyo huanza kufanya kazi papo hapo bila kugusa diski, na anayetaka kuisakinisha huingia kwa jina la installer na nenosiri la opnsense.

Kabla ya kufika huko, hata hivyo, nilijaribu njia ya mkato. Mipangilio yote ya OPNsense hukaa katika faili moja la XML, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa alama maalumu, liitwalo config.xml, na mashine inapowaka kwa flashi ya usakinishaji hutoa nafasi ya sekunde chache ya kubonyeza kitufe na kuingiza faili hilo kutoka kwenye flashi nyingine, mradi liwe ndani ya folda iitwayo conf. Nilibonyeza, nikataja flashi, nikakataliwa. Nikarudia nikidhani nimekosea jina la diski, nikakataliwa tena. Kosa lilikuwa langu. Kwa kuwa faili hilo hubeba hata funguo za siri za vyeti vya kidijitali na za VPN (njia ya siri ya kuingia mtandaoni ukiwa mbali), nilikuwa nimezoea kulifunga kwa nenosiri kila nilipolipakua, na maelekezo rasmi, ambayo nilipaswa kuyasoma mapema, yanasema wazi kwamba njia hiyo ya mkato hupokea faili lisilofungwa tu. Mazoea ya kulifunga sitayaacha kwa sababu hiyo.

Basi nikasakinisha mfumo ukiwa mtupu, kwenye ZFS, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski ambao huhimili kukatika kwa umeme vizuri zaidi kuliko UFS, ule mwingine unaoweza kuchaguliwa. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 15. Kisha nikaunganisha kompyuta kwa kebo, nikafungua anwani ya 192.168.1.1 kwenye kivinjari, na katika ukurasa wa nakala za mipangilio nikapandisha faili pamoja na nenosiri lake. Likapokelewa bila manung'uniko, mashine ikajiwasha upya, na mtandao haukurudi.

Hapa ndipo penye somo lote la kazi hii. FreeBSD huzipa kadi za mtandao majina kulingana na kiendeshi chake, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi: mashine ya zamani ilikuwa na em0 na em1, na hii mpya, yenye kadi za Intel za kizazi cha karibuni, ina igc0 na igc1. Faili la mipangilio lilikuwa likiitafuta em0, ambayo haipo. Mfumo uligundua tofauti hiyo ukaniuliza kwenye skrini nigawe kadi upya, jambo linalomaanisha kwamba asiye na skrini na kibodi karibu angebaki ameduwaa. Niligawa WAN (upande wa intaneti) na LAN (upande wa nyumbani), intaneti ikarudi (baada ya kuizima na kuiwasha modemu, kwani ilikuwa bado inakumbuka anwani ya MAC, yaani namba ya utambulisho wa kadi ya mtandao, ya mashine ya zamani), nami nikadhani nimemaliza. Lakini VLAN zangu mbili (mitandao iliyotenganishwa ndani ya kebo ile ile), ya kamera na ya wageni, zilikuwa bado zimeng'ang'ania em1.

Ningeweza kuzirekebisha moja moja kwenye kurasa za mipangilio. Nilichagua kurudi kwenye chanzo: nilipakua nakala nyingine isiyofungwa kutoka mashine ya zamani, ambayo kwa bahati ilikuwa bado inawaka, nikaifungua kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, nikabadilisha majina ya kadi, kisha nikairejesha upya. Safari hii kila kitu kilisimama mahali pake, kuanzia kanuni za kuzuia na kuruhusu hadi anwani za kudumu za printa. Tahadhari moja: nilibadilisha majina katika sehemu zinazotaja kadi tu, wala si faili zima kwa amri moja, kwa sababu herufi kama em1 huweza kujitokeza kwa bahati katikati ya cheti kilichohifadhiwa humo humo, na cheti kilichobadilishwa herufi moja hakifai tena.

Kilichobaki ni programu-jalizi, yaani nyongeza zinazosakinishwa juu ya OPNsense. Mipangilio yake ilikuwa imerudi, ila programu zenyewe hazimo katika faili, kwa hiyo nililazimika kwenda kwenye ukurasa wa masasisho, ambako zile zinazokosekana huonyeshwa, na kuzisakinisha. Ningependelea zijilete zenyewe.

Kwa jumla naipendekeza OPNsense bila kusita kwa mtu asiyeogopa kusoma maelekezo, na uwezo wa kuhariri mipangilio yote kama maandishi ya kawaida ndio ulioniokoa siku ile. Sasa, ndani ya folda ninamoweka nakala zilizofungwa, kuna pia karatasi ya mistari michache inayosema igc0 ni tundu lipi nyuma ya mashine, na igc1 ni lipi.