Kitini cha utangulizi wa sosholojia: kinafaa, ila sura ya matabaka isomwe kwa tahadhari

Kitini hiki nilikinunua katika stesheneri iliyo karibu na chuo, hapa Dar es Salaam, kwa shilingi 7,000. Ni kurasa 96 za kopi zilizofungwa kwa waya wa plastiki, na jina la mwandishi halikuwekwa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye darasani somo hili la kuchunguza jamii hulisikia kwa Kiingereza, atashukuru kuzikuta dhana zake kwa Kiswahili.

Sura iliyonivutia zaidi ni ya tatu, inayoeleza hoja ya mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim, aliyoitoa mwaka 1895, kwamba mambo ya kijamii, kama desturi, yako nje ya mtu mmoja mmoja na yana nguvu ya kumshurutisha. Mwandishi hakwenda kutafuta mfano Ufaransa. Ametupeleka msibani, penye meza ndogo, daftari la rambirambi na mzee aliyeshika kalamu. Hakuna sheria ya nchi inayomlazimisha mtu kuchangia, lakini kila anayefika huhakikisha jina lake limeandikwa, kwa kuwa anajua nyumba nyingi huyatunza madaftari hayo, na siku atakapofiwa yeye yatafunuliwa. Nilikuwa nimekariri fasili hiyo muhula mzima bila kuielewa.

Sura ya matabaka iliniudhi. Mwanasosholojia Mjerumani Max Weber ametajwa kwa sentensi mbili tu, tena kama mfuasi wa Karl Marx, aliyeyaeleza matabaka kwa umiliki wa mali, ilhali Weber ndiye aliyesisitiza kwamba mali peke yake haitoshi kueleza nani yuko juu na nani yuko chini: mwalimu mstaafu asiye na akiba hupishwa kiti cha mbele kwenye kikao cha mtaa, na mwenye magari akabaki amesimama. Hapo hapo hadhi na dhima zimechanganywa. Hadhi ni nafasi aliyo nayo mtu, kama umama au ualimu. Dhima ni matendo anayotarajiwa kuyafanya kwa nafasi hiyo. Nakiri kwamba neno lenyewe linachangia tatizo, maana katika mazungumzo yetu hadhi ni heshima, lakini kwa wanasosholojia hata mfungwa ana hadhi yake.

Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Afrika Kaskazini aliyechambua mshikamano wa makundi tangu mwaka 1377, hakutajwa kabisa.

Anayekwenda kununua afunue kurasa 58 hadi 61 kabla ya kulipa. Zangu zilikuwa zimefifia, na nakala niliyobadilishiwa ilikuwa vilevile.