Gemu za madubwana: ipi ununue kwanza kwa PlayStation (PS) ya nyumbani

Sikukuu ikikaribia hupigiwa simu na jamaa wa hapa Unguja na wa Pemba, wote na suala moja: mtoto anataka gemu ya madubwana, nimchukulie ipi? Najibu kwa furaha, maana gemu hizi nimekua nazo. Pesa zangu za sikukuu, wenzangu wakizimalizia kwenye viwanja vya sikukuu vya Mnazi Mmoja, mimi nilizipeleka kwenye kibanda cha TV gemu nikasubiri zamu ya pedi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea. Tangu siku hizo kipimo changu ni kimoja: dubwana liwe na uzito. Bibi alipotusimulia Nunda mla watu hatukumuona, lakini tulijua akipita kijiji kinatetemeka. Gemu isiyonipa mtetemeko huo siinunui.

Ya kwanza kwangu ni War of the Monsters ya PS2, iliyotoka 2003. Ina madubwana kumi: Congar ni sokwe, Preytor ni vunjajungu mkubwa kama ghorofa, Robo-47 ni roboti. Uzuri wake ni kuwa mji mzima ni silaha. Unang'oa mlingoti wa antena, unamchoma nao mwenzio, na yeye akihangaika kuuchomoa wewe unamjia na gari mkononi. Unaparamia ghorofa, unamrukia kutoka juu. Ghorofa likipigwa sana linaporomoka, na ole wake aliye chini. Mkicheza wawili kioo kinagawika nusu kwa nusu, lakini mkisogeleana mstari wa katikati unatoweka mnabaki kwenye picha moja. Hapo ndipo nyumba nzima huja kutazama. Mwenye PS4 anaweza kuipakua kwenye duka la mtandaoni la PlayStation, ambako iliwekwa 2015.

Ya pili ni Godzilla: Save the Earth, PS2 na Xbox (mashine ya Microsoft), ya 2004. Ngumi zake ni nzito, na mtoto anayewapenda madubwana wa filamu za Godzilla kama Mothra na King Ghidorah hutombandua hapo. Ila madubwana mengi yamefungwa mwanzoni, unayafungua kwa pointi, kwa hiyo usisahau kununua memori kadi. Bila hiyo, ukizima mashine unaanza moja. Nimeona mtoto akilia kwa hilo baada ya umeme kukatika, na alikuwa na haki ya kulia.

Kwa mwenye PS4 au PS5 na nyumba yenye watoto wengi, chukua GigaBash. Ni ya 2022, imetengenezwa Malaysia, na inachezwa na watu wanne kwenye TV moja. Watoto wa ammi wakija hakuna anayekaa pembeni. Godzilla naye yumo, lakini analipiwa pesa yake peke yake.

Shadow of the Colossus naiweka ya nne kwa sababu tu inachezwa na mtu mmoja. Kwa uzuri ningeiweka juu. Hapa wewe si dubwana. Wewe ni kijana mwenye upanga, upinde na farasi, mbele yako majitu 16. Unashika manyoya ya jitu, linajitikisa, nguvu za mikono zinakuishia, nawe bado hujafika kichwani. Asili yake ni PS2, 2005. Ya PS4 ilitengenezwa upya 2018 na ndiyo ya kununua.

Rampage World Tour ya PS1 ni ya wadogo: kupanda majumba na kuyavunja, basi. Dubwana likishindwa linarudi kuwa mtu, yuko uchi, kajiziba kwa mikono. Wanangu hucheka kila mara.

Ile Godzilla ya PS4 ya 2015 iache. Inageuka kwa uzito wa jahazi lisilo upepo, na diski yake imekuwa adimu na ghali.

Sasa mashine yenyewe, maana wengi tunanunua iliyotumika. Geuza nyuma usome maandishi. PS2 ya Japani imeandikwa 100V, na umeme wetu ni 230. Mjomba aliniletea moja, nikaichomeka kwa pupa; nilisikia mlio mdogo, kisha harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumbani. Haikuwaka tena. Pia PS2 ya Ulaya haisomi diski ya Marekani, kwa hiyo linganisha kabla hujalipa. Chungulia kwenye matundu ya waya kama kuna kutu, hewa yetu ya bahari haina huruma. Mwambie muuzaji aiwashe mucheze dakika ishirini papo hapo dukani. Lenzi ya kusomea diski iliyochoka huanza kusaga diski ikishapata moto. Na pedi chukua mbili siku hiyo hiyo.