Uzoefu wangu na restic: miezi mitano ya bakapu za kila usiku

Kwa miaka mingi bakapu yangu ilikuwa hii: kila Jumamosi nachomeka diski ya nje, naburuta folda la Kazi, nakubali jipya lifute la zamani, basi. Niliamini niko salama mpaka siku nilipofungua tafsiri niliyoihangaikia mwaka mzima, kurasa 212, nikakuta ukurasa mweupe. Faili lilikuwepo na jina lake lilelile, ila ukubwa ulisomeka KB 0. Wiki mbili kabla yake kompyuta ilikuwa imeganda nikiwa katikati ya kuhifadhi, nikaizima kwa kubonyeza kitufe, na tangu hapo sikuwa nimeligusa faili lile. Nikakimbilia diski. Kule nako KB 0. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimelifuta faili zima kwa mkono wangu na kuweka bovu mahali pake.

Sehemu kubwa niliiokota kwenye barua pepe nilizokuwa nimemtumia mhariri. Sura tatu hazikupatikana, nikazitafsiri upya.

Ndipo nikaanza kutafuta bakapu inayotunza historia, si kivuli cha jana tu. Nimetulia na restic. Ni programu huria, haina malipo, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na macOS. Haina vitufe vya kubofya, kila kitu ni amri za kuandika. Najua hilo litawarudisha nyuma wengi, lakini amri ninazozihitaji hazifiki kumi na jioni moja ilinitosha kuzizoea.

Unaanza na `restic init`, inayotengeneza ghala, yaani folda maalumu la kutunzia bakapu, kwenye diski na kukudai nywila. Hapo nenda taratibu. Restic inasimba kila kitu kwa AES-256, njia ya kuficha data isisomeke bila nywila, kabla hakijaandikwa, na ukiipoteza nywila hakuna mtu duniani wa kukufungulia. Yangu nimeiandika kwenye karatasi mbili, zinakaa nyumba mbili tofauti.

Kisha `restic backup` ndiyo inayochukua bakapu yenyewe. Mara ya kwanza ilichukua karibu saa nne kwa GB 180 za mafaili yangu. Usiku wa pili ilimaliza kwa dakika tatu, ikaongeza MB 240 tu. Siri yake ni kwamba haihesabu mafaili, inahesabu vipande. Kila faili kubwa linakatwa vipande vya wastani wa MB 1, kila kipande kinapewa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, na kipande ambacho tayari kimo ghalani hakiandikwi tena. Siku moja nilibadilisha jina la folda la picha lenye GB 20. Nikadhani diski itajaa. Ilizisoma picha zote upya, na hapo muda uliliwa kweli, ila kilichoongezeka ghalani hakikuwa hata MB 10.

Kila usiku inabaki snapshoti, yaani sura ya mafaili yote kama yalivyokuwa wakati ule. Hili ndilo lililonivutia kuliko yote. Kwenye bakapu nyongeza za mtindo wa zamani kuna nakala kamili ya mwanzo, kisha mnyororo wa mabadiliko juu yake. Pete moja ya mnyororo ikikatika, zote zinazofuata zimekwenda. Hapa kila snapshoti inajitegemea kama nakala kamili, na unaweza kufuta ya zamani bila kuigusa mpya. Ila tusidanganyane: kwa kuwa kipande kimewekwa mara moja tu, kikiharibika kwenye diski kinaharibika kwa snapshoti zote zinazokitumia. Kwa hiyo nina diski mbili zenye ghala mbili, zinapokezana kila wiki, na isiyo zamuni haichomekwi kabisa. Virusi vinavyofunga mafaili ili udaiwe fedha vitafunga na diski yoyote vitakayoikuta imechomekwa.

Kilichonisumbua zaidi hakikuwa restic yenyewe. Nilipanga bakapu kwenye Task Scheduler, kipanga-ratiba cha Windows, ianze yenyewe saa 3 usiku, nikasahau. Baada ya siku kumi na moja nikaandika `restic snapshots`, inayoorodhesha snapshoti zilizopo, kwa kutaka kuona tu, nikakuta ya mwisho ni ya siku niliyochomeka flashi. Flashi ilichukua herufi E, diski ikarudi kama F, na kazi ikawa inafeli kila usiku kimyakimya. Sasa kila diski nimeipa herufi yake ya kudumu kwenye Disk Management, sehemu ya Windows ya kusimamia diski, na matokeo ya kila usiku yanaandikwa kwenye faili ninalolitazama asubuhi kabla ya barua pepe. Kwenye amri ya bakapu ongeza pia `--use-fs-snapshot` ukiwa na ruhusa za msimamizi, isome hata mafaili yaliyo wazi.

Kupunguza nafasi kunahitaji umakini. `restic forget` pekee inaondoa snapshoti kwenye orodha, nafasi hairudi mpaka uambatanishe `--prune`. Mimi nabakiza za siku 14, wiki 8 na miezi 12. Baada ya miezi mitano nina snapshoti 23 na ghala lina GB 163, dogo kuliko mafaili yenyewe, kwa sababu tangu toleo la 0.14 restic inabana data.

Halafu ikaja siku ya kuidai deni lake. Nilikuwa nimefuta sehemu ya sura ya 6 nikidhani imejirudia, na baada ya siku kumi na tisa mhariri akauliza iko wapi. Nikaandika `restic find -l sura6.docx`, inayolitafuta faili katika kila snapshoti na kuonyesha ukubwa wake. Safu ikashuka: KB 61, KB 61, KB 61, kisha kwenye snapshoti ya wiki tatu nyuma, KB 84. Nikairudisha ile kwa `restic restore` kwenye folda la pembeni, si juu ya faili la leo, nikalifungua. Aya zote zilikuwepo, hata maelezo ya pembeni niliyomwandikia mhariri. Nilikaa nikalisoma lote, neno kwa neno, ilhali nilihitaji kurasa nne tu.

Tangu siku ile, kila mwanzo wa mwezi naendesha `restic check --read-data-subset=10%`, inayokagua asilimia 10 ya data iliyomo ghalani kama bado ni nzima, kisha nachagua faili moja ovyo, nalirudisha na kulifungua. Mwezi huu ilikuwa picha ya mama ya mwaka 2009. Ilifunguka.