Land Cruiser ya zamani: ufungue 1HZ au ununue injini ya mtumba?

1HZ ni injini ya dizeli ya lita 4.2, silinda 6, haina turbo. Ikianza kula oili na kutoa moshi wa bluu, mabishano huanza.

Kwa gharama, mtumba una bei inayojulikana mapema. Ovahoo, yaani kuifungua injini yako na kuikarabati upya, haina: fundi akishafungua, unaweza kukuta krenkshafti inahitaji kuchongwa au silinda hedi ina ufa.

Kwa muda, mtumba unashinda wazi. Injini ya aina ileile hukaa kwenye mauntingi zake (vishikio vya injini) na gia boksi yako. Ila namba yake si iliyo kwenye kadi ya gari, kwa hiyo hakikisha ina hati za uingizaji, kisha rekebisha kadi.

Kwa uhakika, mimi naiamini zaidi ovahoo, mradi karakana ipime silinda vizuri na pistoni, ringi na beringi ziwe za saizi sahihi. Mtumba hujui ulipita wapi. Usiulipie kabla ya kupima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda).

Gari la kazi lisiloweza kulala gereji, tafuta mtumba. La kwako mwenyewe, bloku ikiwa nzima, fungua.